Yaya Mmoja, Nyumba Mbili

Wazazi wenzangu, zamu ya hospitali ikianza saa moja asubuhi, unapanda treni Gare du Nord kabla kreshi haijafunguliwa. Ndiyo maana familia mbili huchangia yaya mmoja. Ni jambo jema, ila mkigawana gharama, gawaneni na wajibu.

Hapa Ubelgiji vocha za titres-services ni za usafi, kupiga pasi na kazi kama hizo. Kulea mtoto hakumo. Yaya wa kila siku ni mwajiriwa, naye anastahili michango ya hifadhi ya jamii na bima ya ajali kazini. Andikianeni mapema: mwajiri ni nani? Mtoto mmoja akiugua, nani analipa? Dada akianguka ngazini, asianze kuuliza ni mzigo wa nani.