*TAARIFA YA TAWI: MKUTANO WA NYUMBA JUMAMOSI, TUJE NA HESABU*

Wanachama na majirani wote wa Jericho, Maringo na Bahati,

Jumamosi saa tatu asubuhi tumeitwa tena ukumbini kutoa maoni kuhusu kubomolewa kwa nyumba za kaunti na kujengwa kwa maghorofa ya bei nafuu. Baadhi yenu mmetuandikia kwamba hamji, mambo yameshaamuliwa. Hasira hiyo tunaielewa, lakini hatukubaliani nayo.

Mkutano uliopita tangazo lilibandikwa jioni, watu wakaitwa kesho yake asubuhi wakiwa kazini. Waliofika walipewa soda na karatasi ya mahudhurio. Baadaye karatasi ile ile ikatolewa kama ushahidi kuwa wakazi wamekubali mradi. Sisi viongozi wa tawi pia tulitia sahihi bila kusoma kichwa chake. Kosa hilo ni letu, tunaomba radhi.

Tawi halipingi nyumba. Kila mmoja hapa anajua maji taka yanavyopanda mvua ikinyesha. Kifungu cha 43 cha Katiba kinatupa haki ya makao yanayofaa, na cha 10 kinataka wananchi washirikishwe. Na pesa za mpango wa kitaifa ni zetu. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu kutiwa sahihi 19 Machi 2024, askari wa lango anayelipwa 20,000 hukatwa 300 kila mwezi, na mwajiri huongeza 300. Anayekatwa hivyo ana haki ya kuuliza.

Tuanze na bei. Huko Mukuru chumba kimoja kilitangazwa 640,000, malipo 3,900 kwa mwezi kwa miaka 30. Zidisha: 3,900 mara 12 mara 30 ni 1,404,000. Hatusemi ni wizi, maana mkopo wa muda mrefu una gharama zake. Tunasema mama anayeuza mboga kando ya Jogoo Road aonyeshwe jumla hiyo kabla ya kukubali, na aambiwe amana. Hata ikiwa asilimia 5 tu, ni 32,000 za kutoa mara moja. Je, sisi tutalipa bei hiyo au nyingine? Hakuna aliyetuambia.

Jambo zito zaidi ni orodha. Nani atarudi? Jina lililo kwenye kitabu cha kaunti mara nyingi ni la baba aliyefariki, na wanaoishi humo ni watoto na wajukuu. Kisha kuna wapangaji wa vyumba vya mabati tulivyojenga nyuma. Hapa tutasema wazi, ingawa baadhi yenu mtakasirika: wenye nyumba wengine wanataka wapangaji hao wasitajwe, ili fidia isigawanywe. Tawi halitaunga mkono hilo. Tumechukua kodi yao miaka mingi, na watoto wao wanasoma na wetu. Kila kaya ihesabiwe.

Na ahadi ya kurudi iwe kwenye mkataba wenye jina, nambari ya kitambulisho na tarehe, kabla ya tingatinga kuingia. Ya mdomoni hatuipokei, hata ikitoka kwa mtu wa chama chetu.

Kila nyumba ilete nakala ya kitambulisho, risiti ya kodi ya karibuni na majina ya wote wanaolala humo. Ijumaa kuanzia saa kumi na moja jioni tutakuwa ofisi ya tawi kuandika memoranda kwa wasioweza kuandika. Hakuna malipo. Memoranda zitatolewa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ibaki kwetu.

Karatasi ya mahudhurio ikija, someni kichwa kwanza. Kisipokuwa na neno "mahudhurio" pekee, msitie sahihi, mwiteni mmoja wetu.

*Katibu wa Tawi*