Haki ya Mwuguzi Kuugua

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii yawafaa wale wafikao hospitalini, wakaambiwa kwamba mwuguzi fulani ni mgonjwa hakuja kazini, nao wakaguna, "Mvivu huyo! Atibuye watu aumweje?" Maneno hayo husemwa hapa Namboboto, na Busia mjini na Malaba vile vile. Nayapinga, kwa kuwa si ya haki, na kwa kuwa yanawadhuru hata wayasemao.

Na tuusikilize kwanza ushahidi wa damu. Machi 13, 2020 serikali ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona. Punde malori yakapanga foleni ndefu Malaba na Busia, madereva wakingoja kupimwa, na watu wengi wakadhani kwamba hatari yote imepakiwa malorini. Baina ya Julai 30 na Desemba 4 mwaka huo, wataalamu walipima damu ya wafanyakazi 684 wa afya katika Nairobi, Busia na Kilifi. Walitafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda ushambuliwapo na kirusi, na ambao huweza kuonekana katika damu hata kama mwenyewe hakujua kwamba aliambukizwa. Chanjo ilikuwa bado kufika nchini. Ilifika Machi 2021. Kingamwili hizo, basi, zilitokana na ugonjwa wenyewe. Wataalamu walikadiria kwamba Nairobi walioambukizwa walikuwa asilimia 43.8, Busia 12.6, na Kilifi 11.5. Maana yake, hapa kwetu mmoja katika kila wafanyakazi wanane alikuwa amekwisha kuingiliwa na kirusi. Tena walipolinganisha kazi na kazi, hawakuona kwamba aina ya kazi ilileta tofauti.

Tulifikiri sana jambo hilo, vijana. Ugonjwa haukuchagua cheo. Kwa nini basi haki ya kupumzika ichague? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika mwaka. Mwaka 2020 aliyeshukiwa kuwa na korona aliagizwa kujitenga siku 14. Hesabuni wenyewe: kwa kiwango hicho, kujitenga mara moja tu kulimaliza fungu la mwaka mzima. Na kibarua afagiaye wodi, alipwaye kwa siku, siku asiyofika ni siku ambayo watoto wake hulala njaa. Mtu huyo akija kazini huku anakohoa, nani wa kulaumiwa?

Wako watakaosema kwamba wavivu wataitumia ruhusa hiyo vibaya. Sheria imekwisha kuwajibu: mgonjwa hudaiwa cheti cha daktari. Wengine watasema kwamba shujaa haachi kazi. Huo ni ushujaa gani, wa kumpelekea ugonjwa mzee mwenye kisukari na mama aliyejifungua jana? Hospitali imnyimayo mmoja mapumziko leo, kesho huwakosa watano.

Desemba 2020 wauguzi, matabibu na madaktari wa Kenya waligoma, na miongoni mwa madai yao yalikuwa mavazi ya kujikinga na bima ya afya. Walitukanwa na wengi. Lakini askari adaiye ngao kabla ya kutumwa vitani haombi zawadi.

Baadhi yenu mtakuwa wauguzi. Wengine mtashika daftari la mahudhurio na kutia alama mbele ya majina ya watu. Mtakapoona nafasi tupu, ulizeni kwanza mwenye jina ana hali gani, kisha hakikisheni kwamba posho yake haikukatwa. Taifa lisilomruhusu mwuguzi wake kuugua litakosa wa kuliuguza.