Shingo ikikaza, tusiseme ni uchovu tu



Sisi tuligundua kwenye swala. Salamu ya kulia inatoka vizuri, ya kushoto shingo inagoma, inabidi ugeuze kiwiliwili chote. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Ramadhani, vitambaa vya Idi vimejaa hadi chini ya meza, nasi mafundi watatu na cherehani zetu tatu. Tukacheka. Tukapakana mafuta ya karafuu aliyotuletea mteja kutoka Pemba, tukarudi kushona.

Kwa mnaotusoma mkiwa visiwani, Itaka iko Wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe, kwenye nyanda za kahawa, ambako mwezi wa saba mtu hushona amejifunga shuka. Majirani wengi ni Wakristo, kwa hiyo tukimaliza mabaibui ya Idi zinakuja shela za kanisani, na mavuno yakiuzwa harusi zinafuatana. Shingo haipati likizo.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Kikikaa wima, mifupa ndiyo hukibeba. Ukiinama kufuata sindano, mzigo unahamia kwenye misuli ya kisogo na mabega, na kadiri unavyoinama ndivyo unavyoongezeka. Misuli ikikaza saa nyingi bila kulegezwa, huuma na kufanya mafundo. Si mafundi tu. Yumo anayenyonyesha huku amemwinamia mtoto, mchora hina, anayekunja mabega kwa baridi au kwa mawazo, na binti anayetazama simu kitandani hadi saa saba usiku.

Kukaza kwa namna hiyo si jambo la kutisha. Kwa walio wengi hupungua ndani ya wiki chache, ukipunguza kinachokusababishia na ukaendelea kuigeuza shingo taratibu. Kitambaa cha moto husaidia. Kulala siku nzima umekakamaa hakusaidii.

Tunachogombana nacho sisi ni neno "uchovu tu".

Mwenzetu mmoja alianza kuangusha sindano. Mara moja, mara mbili kwa siku, baadaye kila saa. Akasema ni ganzi ya baridi. Vifungo vya gauni lake mwenyewe vikamshinda, akawa anafungwa na mwanawe. Alienda kukandwa, akanywa diklofenaki za dukani karibu miezi miwili, na wapo waliomwambia ni jicho la watu, maana alikuwa na wateja kutushinda. Alipofika hospitali, daktari alimweleza kuwa mshipa wa fahamu unaotoka shingoni kwenda mkononi umebanwa. Alitibiwa, akafanya mazoezi ya fiziotherapia, na alhamdulillah anashona. Lakini kidole cha shahada cha mkono wa kulia hakijarudi kama zamani; kazi ya kutunga shanga ameiacha. Na sisi tuliokuwa tunakaa naye tulikuwa tunaziona zile sindano zikianguka. Tulimtania.

Dua tunasoma, na ruqya hatuikatai. Dua haimzuii mtu kupanda gari kwenda Vwawa.

Kwa hiyo msimamo wetu: ganzi au udhaifu ukianza kushuka mkononi, ukaanza kuangusha vitu, nenda kwa daktari wiki hiyohiyo, hata kama ni wiki ya Idi. Miguu ikiwa mizito, ukatembea kwa kuyumba, au mkojo na choo vikakataa kuzuilika, usingoje hata kesho. Shingo iliyokakamaa pamoja na homa, kichwa kuuma sana na macho kukataa mwanga inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Mgonjwa akimbizwe usiku uleule. Aliyeanguka na bodaboda shingo ikamuuma apimwe, hata kama amesimama mwenyewe. Maumivu ya bega yanayokuja na kifua kubana na jasho yanaweza kuwa ya moyo. Na yale yasiyokuacha ulale, ukiwa unakonda au unapata homa za jioni, yachunguzwe, kwa sababu kifua kikuu huingia hata kwenye mifupa ya mgongo.

Kuna moja ambalo mabibi harusi hawaambiwi siku za kufundwa. Hedhi imechelewa, tumbo la chini linauma, kisha ncha ya bega nayo inauma bila sababu. Hilo usilisingizie godoro jipya. Mimba ikitunga nje ya kizazi na kupasuka, damu humwagika ndani ya tumbo na maumivu yake husikika begani. Mtu hufa kwa hilo. Ni hospitali saa hiyohiyo, wala si baada ya kumsubiri mume aliye safarini.

Siku za singo, kuchuliwa mabega ni raha, msijinyime. Ila usikubali mtu akushike kichwa akizungushe ghafla mpaka shingo ilie. Humo ndani inapita mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, na ikichanika ni balaa. Parasetamoli kwa siku chache haina neno kwa walio wengi. Diklofenaki ya kila siku, hapana: huumiza tumbo, haiwafai wenye matatizo ya presha au figo, na mjamzito asiinywe bila daktari.

Sisi tumeinua meza ya kukatia kwa matofali. Stoni za shela tunaziweka shela likiwa limevalishwa sanamu, si mapajani. Kila kipindi cha swala kikiingia, cherehani zote zinanyamaza, hata anayesema amebakiza upindo tu. Na anayeumwa akaswali ameketi, dini imempa nafasi hiyo.

Lililotuuma zaidi lilikuwa pesa. Tulikuwa tunatoza elfu tano zaidi kwa oda ya haraka, tukajiona wajanja, na kila elfu tano ilikuwa usiku mzima wa kuinama. Hesabu ya nauli, vipimo na siku alizokaa mwenzetu bila kushona ilizimeza zote, ikaomba nyingine. Bibi harusi anayeleta kitambaa siku nne kabla ya nikahi anadhani ameongeza pesa tu.

Mwaka huu oda za Idi tunazifunga tarehe 15 Ramadhani, na shela la harusi tunataka wiki sita. Ukija siku ya 27 na lesi yako mkononi utakaribishwa futari, utakula na kushiba, na lesi utarudi nayo nyumbani.