Bibi Asmaa na Mjukuu Wake



Leo twamkumbuka Bibi Asmaa binti Abubakar, Allah amuwie radhi, aliyeupasua mshipi wake mara mbili afungie chakula cha safari ya Hijra. Imepokewa kwamba aliishi takriban miaka 100. Alipofuka, lakini akili yake ilibaki timamu. Alifariki Makka mwaka wa 73 Hijriya, punde baada ya kuuawa mwanawe Abdallah.

Katika Sahihi ya Bukhari mna hadithi ambazo mjukuu wake, Hisham bin Urwa, amezipokea kwa mkewe Fatma binti Mundhir, naye Fatma kwa nyanya yake huyo Asmaa. Mojawapo ni ile ambayo Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkataza kuhesabuhesabu anachokitoa, Allah asije naye akamhesabia.

Fatma aliketi kwa nyanya yake, akasikiliza, akahifadhi. Je, nyanya zetu wangapi wamezikwa na elimu yao, na wajukuu wako ukumbini wameinamia simu? Khitma ni jambo la kheri, ila aliyeondoka haulizwi tena. Wapelekeni watoto kwake leo, baada ya Alasiri, angali hai.

Wabillahi tawfiq.