Bastola ikiingia ndani, mke anaulizwa?

Msomaji wetu mmoja wa Kongowe (hii ya Kibaha, si ile ya njia ya Mbagala) ameniandikia. Wamehamia nyumba yao mpya, majirani bado wako mbalimbali, usiku giza tupu. Mumewe anataka kuomba kibali cha kumiliki bastola kwa ajili ya wezi. Yeye hataki, lakini anaambiwa ulinzi ni mambo ya baba. Anauliza, amkatalie?

Dada yangu, hofu ya mumeo ina msingi. Ila mwizi anaweza asije kabisa, wakati watoto na hasira za ndani mnalala nazo kila siku. Wamarekani wanabishana miaka nenda rudi kuhusu silaha, kwa kuwa marekebisho ya katiba yao ya 1791 yanaitaja kuwa haki. Wakati wanabishana, tangu 2020 risasi zinaua watoto na vijana wao wa mwaka 1 hadi 19 kuliko hata ajali za magari. Na zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa risasi kule wamejiua wenyewe. Hapo mwizi hayumo.

Kwetu pia yapo. Mei 2022, Buswelu jijini Mwanza, mke aliuawa kwa risasi na mumewe. Mume naye akakutwa amekufa.

Bahati yetu ni kwamba hapa bunduki si haki, ni kibali. Ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na ombi huanzia serikali ya mtaa kabla ya kufika polisi. Kule wanapima tabia ya mwombaji. Sasa nani anaijua tabia ya mwanamume kuliko mkewe? Mjumbe anamjua akiwa amechomekea shati.

Zungumza naye watoto wakilala. Itakaa wapi? Ufunguo atashika nani? Akirudi amekunywa je? Kama amewahi kukupiga au kukutishia, usimuulize lolote. Wahi kwa mwenyekiti wa mtaa au Dawati la Jinsia la polisi kabla ombi halijapita.

Kama ni mtu wa maelewano, mpigie hesabu ya taa za nje, mlango wa chuma na mbwa wawili. Halafu niandikie alivyojibu hilo la ufunguo.