STAA APOSTI VITABU SITA, WATU WAMUULIZA CHETI CHA FOM FOO!

Wiki iliyopita staa mmoja wa Bongo Muvi, yule ambaye akiposti gauni tu laiki zinamiminika, aliamua kuposti kitu tofauti. Vitabu sita juu ya kitanda, na maelezo marefu kwamba hivyo ndivyo vilivyomkalisha ndani mwezi mzima. Komenti ya kwanza? "Wewe si ulipata ziro?" Ya pili ikataka cheti. Kufika jioni vitabu vilishasahaulika, watu wanajadili mtihani wa miaka kumi iliyopita.

Wengine wakasema ni kiki. Sawa, kiki zipo, na mastaa wetu ndio wametuzoesha vibaya. Ila anayetafuta kiki kwa vitabu anajulikana: anapanga vile vya kusaka pesa tu, anavaa miwani, anaweka na kikombe cha kahawa pembeni. Huyu mdada alikiri kwamba kitabu cha namna ya kuwa milionea kilimshinda ukurasa wa 30. Akakiri pia kuwa katikati ya hivyo vyote alikuwa anafuatilia hadithi ya mapenzi kwenye grupu la WhatsApp, ile ya kulipia ndo utumiwe mwendelezo. Mtu anayejifanya msomi hawezi kuandika hivyo. (Hilo la WhatsApp lilichekwa kuliko yote, na nusu ya waliocheka wamo kwenye hayo magrupu.)

Halafu kuna alichoandika kuhusu Rosa Mistika. Hiyo ni riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971, iliwahi kupigwa marufuku mashuleni kwa sababu ya mambo ya mapenzi yaliyomo. Wengi wanaijua kama stori ya binti aliyeharibika. Yeye hakuanza na Rosa, alianza na baba yake Rosa: mlevi, mkali, anambana binti asiongee hata na mvulana, halafu binti akifika mbali na nyumbani hajui pa kushika. Akamalizia kwamba kwao kulikuwa hivyohivyo. Staa mzima, mbele ya watu wote wale, anasema hilo. Hapo ndipo pa kumuuliza cheti?

Kuna waliomshauri aachane na riwaya kwa kuwa ni uongo, asome "vitu vya maana". Hawa ndio wanachosha zaidi. Mwezi huohuo alisoma Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyechukua Nobel 2021. Humo kuna kijana Yusuf anayetolewa kwa tajiri kulipia deni la baba yake. Akasoma pia Born a Crime ya Trevor Noah, huku dikshenari iko kwenye simu, na hiyo ni maisha ya kweli ya mtoto aliyezaliwa Afrika Kusini wakati mama mweusi na baba mzungu kupata mtoto ni kosa la jinai. Kimoja cha kutunga, kingine cha kweli, na yeye akaona kitu kilekile: watoto wanalipishwa bili ambazo hawakuzitumia wao. Hilo angelipata wapi kwa kusoma vya kusaka pesa tu?

Vuta N'kuvute alikitafuta baada ya kuona filamu yake. Lakini kilichomkaa kichwani zaidi ni Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, akauza vyungu, akaja mjini Unguja kuimba taarabu, na 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Alipopata jina, wenye wivu wakamtungia wimbo wa kumnanga, kwamba katoka shamba na kama si sauti angekula nini. Siti naye akawajibu kwa wimbo. Kwa hiyo wanaodhani kunangana kumeanza Insta wamechelewa sana.

Siku mbili baadaye mdada akaifuta posti. Inaeleweka, matusi yanachosha. Ila alikosea. Katikati ya matusi kulikuwa na binti aliyejitambulisha kuwa anauza mitumba na shule aliishia kidato cha pili. Aliuliza kitu kimoja tu: hicho cha Siti kinapatikana wapi, na ni shilingi ngapi? Hakuna aliyemjibu, na posti ilipofutwa, swali lake likaondoka nayo.