Roboti ya Majini Haifundishwi Mezani

Leo nitawaudhi baadhi ya walimu wa uhandisi, na nimejiandaa. Kila nikienda kutazama maonyesho ya roboti za wanafunzi hapa Kenya naona kigari kilekile: Arduino, magurudumu mawili na mstari mweusi kwenye kadibodi. Kigari kinafuata mstari, watu wanapiga makofi, mgeni wa heshima anatoa cheti. Sina ugomvi na kigari. Ugomvi wangu ni na yule anayedai kwamba roboti za chini ya maji nazo zinaweza kufundishwa hivyo hivyo, kwa simuleta kwenye tarakilishi na labda karai la maji. Haziwezi. Mwanafunzi anayeitaka kazi hii apelekwe baharini, na tena apelekwe kwa chombo cha matanga.

Matanga, karne hii? Ndiyo. Sea Education Association ya Woods Hole, Marekani, iliyoanzishwa 1971, imefundisha wanafunzi sayansi ya bahari kwa meli za matanga kama Corwith Cramer ya 1987 na Robert C. Seamans ya 2001, kila moja ikiwa na urefu wa kama mita 41. Humo mwanafunzi si abiria. Anashika zamu usiku na mchana, anakamata usukani, anapandisha tanga, anashusha vyombo vya kupima joto na chumvi ya maji.

Sasa weka roboti kwenye sitaha ya meli kama hiyo. Wi-Fi ya 2.4 GHz hufa ndani ya sentimita chache za maji ya chumvi. GPS haifiki. Kinachobaki ni waya au sauti, na sauti majini huenda takriban mita 1,500 kwa sekunde. Roboti ikiwa umbali wa kilomita moja na nusu, amri yako inachukua sekunde nzima kufika na jibu sekunde nyingine kurudi. Wewe unayelalamika seva ikichelewa milisekunde 200, karibu baharini.

Ukichagua waya, kazi ndiyo kwanza inaanza. Nahodha anayapinganisha matanga hadi chombo kinakaribia kutulia, lakini bado kinasukumwa polepole upande wa demani. Roboti iko chini, mkondo wa huko unaenda kwingine, na waya unavutwa na vyote viwili. Ukiushusha upande wa demani, chombo kinaupanda na unaingia chini ya mkuku. Ushushe upande wa joshi. Kwa hiyo rubani wa roboti lazima aelewane na mshika usukani kabla ya kugusa maji. Meli kubwa yenye injini za kuiweka mahali pamoja inamficha mwanafunzi mambo haya yote. Na injini ikizimwa umeme ni wa betri, unagawana na mpishi.

Halafu kuna shinikizo. Kila mita 10 za kina huongeza takriban angahewa moja. Unywele mmoja ukinasa kwenye ringi ya mpira, maji yameingia kwenye saketi. Simuleta haina nywele. Haina kutu, haina kichefuchefu, na Luthuli Avenue haiko karibu ukakimbilie kununua kipuri.

Kwani nani anajali? Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee pale Likoni, ndani yake mama na binti yake. Liliopolewa 11 Oktoba, kutoka kina cha mita 58 hivi. Mpiga mbizi wa burudani huambiwa asipite mita 40. Wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji waliingia, wakaitwa na wengine kutoka nje, na nchi nzima ikasubiri ikitazama televisheni. Kina kile kwa roboti ndogo si ajabu. Kazi ngumu ni kuiongoza katika mkondo ule, gizani, waya ukivutwa. Nionyesheni chuo kinachowafundisha vijana wetu hilo.

Mtu ataniambia hii ni likizo ya watoto wa matajiri. Ada za Marekani ndiyo, sibishi. Lakini roboti yenyewe ilishuka bei zamani. OpenROV ilichangiwa pesa kwenye Kickstarter mwaka 2012, na michoro na programu zake zikatolewa wazi. Ilitumia BeagleBone na Arduino, programu yake ya uendeshaji iliandikwa kwa Node.js, na uliiongoza kwa kivinjari cha kawaida. Yaani kijana anayetengeneza tovuti Nairobi tayari anajua nusu ya kazi. Nusu ya pili ndiyo iliyoko baharini.

Na chombo? Jamani, sisi! Mafundi wa Lamu waliunda Flipflopi kwa plastiki iliyorejelewa, ikashushwa majini 2018, na mwaka uliofuata ikasafiri hadi Zanzibar. Nipeni jahazi kubwa kidogo kuliko hilo, nahodha wa Lamu anayejua pepo zake, wanafunzi wanane na roboti mbili (moja itaharibika siku ya kwanza). Tuondoke kati ya kaskazi na kusi, bahari inapotulia, wiki tatu. Chuo kitakachosema hakina pesa kitueleze kwanza vile vigari vyote vilinunuliwa kwa bei gani.